Chuma Kilichohimilishwa

Karatu nzima, ambayo haijawahi kukubaliana hata juu ya njia ya kupitisha mfereji, ilikubaliana juu ya jambo moja: Nasieku Sakaya alisoma mpaka akapotea, kisha akaendelea kusoma mpaka akarudi palepale.

Maana hebu mfikirie. Ni binti wa Olbalbal, wa ukoo wa wahunzi, wale ambao Wamaasai wenzao huwaita ilkunono: huwaagiza mikuki na sime, huwachekea usoni, kisha hawawapi binti wala hawachukui binti wao. Mtoto wa namna hiyo akipata upenyo wa shule, watu hutegemea atarudi daktari wa meno, au mwanasheria, au angalau mke wa mheshimiwa mwenye kitambi. Nasieku alisoma Arusha, akasoma Dar es Salaam, akapanda ndege akaenda kusoma kwenye nchi ambako theluji inaingia mpaka ndani ya viatu. Akarudi nani? Mhunzi. Mhunzi mwenye miwani.

“Baba yake kafua chuma bila nauli,” walisema vijiweni. “Huyu imebidi aizunguke dunia ndipo afike jikoni kwao.”

Nasieku akiyasikia hayo alicheka kuliko wao. Dharau alikuwa ameinywa utotoni kama wenzake walivyokunywa maziwa, na ilimnenepesha. Pale Oldeani, kwenye ghala la zamani la kahawa lenye harufu ambayo haijatoka tangu enzi za walowezi, alikuwa ameweka tanuru la umeme, mashine ya kusaga, na mtungi mmoja mnene wa kung'aa.

Mtungi huo ndio uliomalizia heshima yake. Ulikuwa wa aina ileile wanayotumia mabwana mifugo kuhifadhia mbegu za madume ya kisasa, ndani ya naitrojeni ya kimiminika, baridi ambayo ukiigusa inakuunguza. Nasieku hakuwa na haja na mbegu, alitaka naitrojeni. Lakini watu walimwona mara kwa mara amepakia mtungi wa uhimilishaji kwenye bodaboda, anapanda nao Oldeani kwenye ghala lisilo na hata mbuzi, na jibu wakalipata wenyewe.

“Anahimilisha chuma,” wakasema. “Tusubiri ndama.”

Aliyemwekea tanuru lile alikuwa mzee Wilibrodi Qamara, Mwiraqw wa Mbulumbulu, mtu aliyeanza na ngano akamalizia na watalii. Mzee Wilibrodi alikuwa amenunua magari ya umeme ya kushusha wageni kreta, kwa kuwa wageni wa siku hizi wanataka kumwona simba bila kumtia moshi puani. Magari yale yalishuka Ngorongoro kama malaika. Kupanda ndiko kulikuwa na maneno. Kwenye barabara ya Lerai, pale mlima unaposimama kama umekasirika, mota zilishika joto, sumaku za kuagiza zilizomo ndani zikalegea kama mtu aliyepewa habari mbaya, na gari likaanza kutambaa. Wageni nao hawaruhusiwi kushuka wasukume. Nyati wa msitu ule hawana utani. Madereva wa dizeli walipita pembeni wakipiga honi kwa mapigo ya ngoma ya harusi.

Ndipo mzee Wilibrodi, kofia mkononi, akasimama mbele ya tanuru la Nasieku.

“Hebu nieleze tena, binti. Lakini nieleze kama unamweleza mtu aliyetolewa shule akafukuze ndege kwenye ngano.”

“Chuma, mzee, ndani yake ni kama boma lenye msongamano,” Nasieku akasema. “Atomi zake zimebanana, na zikibanana zinagombana. Hii inatazama Mbulu, ile inatazama Loliondo. Nikichanganya chuma na samariamu, ambayo ni moja ya yale madini adimu, nimepata mtu wa kuzipanga mstari. Lakini bado zinasukumana, na ukizipasha moto kidogo kila moja inageukia kwao. Kwa hiyo nasaga unga, nauweka kwenye tanuru lenye naitrojeni, joto la kiasi, taratibu. Atomi za naitrojeni ni ndogo. Zinapenya, zinakaa katikati ya zile kubwa. Boma linatanuka. Kila mmoja anapata pa kupumulia, na wote wanatazama upande mmoja hata mota ikiwaka.”

“Yaani chuma kinavimba.”

“Kinavimba, mzee.”

“Basi wale wa sokoni wana haki yao. Umekitia mimba.”

“Hii ni mimba nzuri. Haidai matunzo.”

Mzee Wilibrodi alicheka kwa pua, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. “Kwa hiyo unaziba mapengo.”

“Hapana!” Nasieku aling'aka. Neno hilo lilimchoma kuliko matusi yote ya vijiweni. “Siyo pengo, mzee. Ni mwanya.” Akafungua mdomo wote mbele ya tajiri wake. Chini, meno mawili ya mbele hayakuwepo. Yaling'olewa utotoni, desturi ya kwao, ili mtu akishikwa na pepopunda taya zikafunga, maziwa yapate pa kupita. “Hili ndilo pengo. Hapa palikuwa na jino, likatoka. Sasa tazama juu.” Juu, katikati ya meno mawili, palikuwa na ule uwazi ambao vijana wa Karatu walikuwa wakiusifia sana, mpaka walipouliza ukoo. “Huu ni mwanya. Hapa hapajawahi kuwa na jino, na hakuna jino lililofukuzwa. Naitrojeni yangu inaingia kwenye mwanya. Hainyang'anyi mtu kiti.”

“Na ukizidisha moto, si itaingia upesi zaidi?”

“Ukizidisha moto inatoka, tena inatoka imevunja nyumba. Unabaki na unga wa misumari. Ndiyo maana siyeyushi. Nautia unga wa zinki, naubana, na moto nauchunga kama ndama mgonjwa.”

Mzee Wilibrodi alivaa kofia yake.

“Nimekuelewa nusu, na nusu inanitosha. Gari moja litavaa sumaku zako. Litashuka kreta limejaa, lipande Lerai limejaa. Likitoka juu bila kulegea, tanuru linabaki hapa na magari yangu yote yanavaa hizohizo. Likishindwa, tanuru nang'oa, ghala linarudi kuwa la kahawa. Sitaki kuchekwa mara mbili kwa kosa moja.”

“Na mimi je, mzee?”

“Wewe una elimu. Utajua pa kwenda.”

Nasieku alicheka. Pa kwenda hapakuwepo. Alikuwa amegonga milango ya vyuo mpaka akazijua rangi zake, na kila mlango ulimpa chai ukamrudisha barabarani. Olbalbal ilikuwepo nyundo ya baba yake, na watu walewale. Ghala lile lenye harufu ya kahawa ya wafu ndipo mahali pekee duniani ambapo kazi yake ilikuwa na paa.

*

Kazi ya kuzibandika sumaku kwenye rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, ilikuwa ya Simel Mepukori, fundi wa karakana ya mzee Wilibrodi pale Karatu mjini. Simel alitoka ukoo wa ng'ombe wengi, na alikuwa kijana wa kisasa, kwa maelezo yake mwenyewe. Alikuwa na stashahada mbili, nywele zilizochongwa kwa rula, na maneno ya Arusha ambayo hayakumwacha hata kanisani.

“Oya, dada Nasieku,” alisema alipomwona anaingia na sanduku, “mambo ya koo mimi sinaga. Hizo ni stori za mababu. Mimi na wewe ni sayansi tu, freshi kabisa.”

“Sayansi tu?”

“Sayansi tu, dada. We weka hapo mezani, ntazicheki.”

Nasieku akaweka mezani. Alifurahi hata akajishangaa. Ni mara chache mtu wa ukoo ule alimwambia neno lisilo na mwiba. Akarudi Oldeani anapiga mluzi.

Siku ya majaribio, viti vya wageni vilikaliwa na magunia ya maharage, yamefungwa mikanda kama sheria inavyotaka. Usukani ulikuwa wa Bernadina, dereva mwanamke wa Kiiraqw mwenye mabega ya mpiga plau na mdomo usiojua likizo. Mzee Wilibrodi alijibana nyuma kati ya magunia. Simel na Nasieku walikaa pamoja, na simu ya Simel ilikuwa inapiga picha kila kitu isipokuwa Nasieku.

“Wageni wangu,” Bernadina aliyaambia maharage waliposhuka kreta, “kushoto ni faru. Mkiuliza maswali ya kijinga nawashusha.”

Walizunguka chini, wakaanza kupanda. Gari lilishika mlima kwa kimya cha heshima. Kona ya kwanza ikapita. Nasieku alikuwa anautazama mshale wa joto. Ulikuwa bado unapanda kivivu, haujafika hata pale ambapo sumaku za kuagiza huanza kulalamika. Akaruhusu pumzi itoke.

Mota ikapiga kelele. Siyo kelele ya kuchoka; ni kelele ya mabati yanayoburutwa kwenye mawe. Gari lilitetemeka, likakohoa, likasimama katikati ya msitu na maharage yake.

Halafu Simel akashusha simu.

“Dah. Atomi zako zimesepa, dada.”

Waliovuta gari lile mpaka juu walikuwa watu wa dizeli, na hawakuharakisha. Dereva wao alitoa kichwa dirishani kila kona. “Mimba imetoka!” alipaza sauti kwa kila aliyekutana naye, na kwenye geti akawaelezea hata askari. Nasieku alikaa wima, miwani usoni, anatazama mbele kama mtu anayepelekwa harusini.

*

Karakana ilijaa. Habari ya aibu ikifika Karatu mjini haihitaji tangazo. Madereva waliokuwa na safari waliahirisha safari, na waliokuwa wagonjwa walipona. Simel alifungua mota, akaitoa rota. Sumaku nyingi zilikuwa zimebanduka. Mbili zilisagika, nyingine zilikuwa zimekwama pembeni kama wezi waliokosa njia.

“Nimeona,” mzee Wilibrodi akasema. “Kesho watu waende Oldeani wakang'oe tanuru.”

“Subiri, mzee,” Nasieku akasema.

Aliokota sumaku moja iliyobanduka, akaisogeza karibu na spana kubwa iliyokuwa kwenye benchi. Sumaku ikaruka mkononi mwake, ikaing'ata spana kwa kishindo. Bernadina alishika upande mmoja, Nasieku upande wa pili, na ilibidi waitelezeshe kwa nguvu ndipo iachie.

“Hii imelegea?” Nasieku akauliza. “Anayeona imelegea aingize kidole. Sumaku ni nzima. Imebanduka tu.”

“Si ndiyo hapo sasa,” Simel akaingilia haraka. “Mwenyewe ulimwambia bosi kwamba inavimba. Imepata moto, imevimba tena, imejibandua. Hiyo ni fizikia, mzee, haina ubishi.”

Mzee Wilibrodi aliitikia kwa kichwa polepole. Nasieku aliliona hilo. Uongo uliovaa nguo za Nasieku mwenyewe! Ungemkaa mzee kichwani na usingetoka, kwa sababu nusu aliyoielewa ilikuwa ndiyo hiyo ya kuvimba.

Akaigeuza ile sumaku. Mgongoni kwake, pale gundi ilipotakiwa kushika, hapakuwa na hata chembe ya gundi. Gundi ilikuwa imebaki nzima kwenye rota, laini, kama ganda lililoachana na yai. Mgongo wa sumaku ulikuwa unateleza. Akausugua kwa kidole gumba, akakinusa kidole.

Kondoo.

Harufu ile ilimrudisha nyumbani bila nauli. Alijiona mtoto, amechuchumaa nyuma ya mivukuto ya baba yake. Wateja wanakuja, watu wenye ng'ombe, wenye majina. Mkuki uko tayari, wekundu umeshapoa, baba yake ameunyoosha. Hawaupokei. Kwanza wanafungua kibuyu kidogo, wanachota mafuta ya kondoo, wanaupaka mkuki na viganja vyao wenyewe, ili uchafu wa mkono wa mhunzi uteleze usiwaingie. Hapo ndipo wanaushika. Baba yake alikuwa anawatazama wakipaka, hasemi neno, na wakishaondoka anasema tu kwamba leo wamepaka vizuri, hautashika kutu.

Nasieku alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akaegemea rota, na madereva wakaanza kutazamana kwa wasiwasi.

“Nusa,” akamwambia Bernadina, akampa.

Bernadina akanusa, akakunja uso, akanusa tena kwa umakini wa mtu anayenunua. “Huyu ni kondoo. Tena ni mafuta ya mkia.”

“Grisi hiyo,” Simel akasema.

“Grisi ya wapi inayonuka Sikukuu ya Pasaka?”

“Basi nilikula nyama choma, mikono ikawa na mafuta. Kwani dhambi?”

“Ulikula,” Bernadina akasema, akiokota sumaku nyingine, ananusa, anaiweka, anaokota nyingine, “ukapaka hii. Ukala, ukapaka na hii. Ukala tena, ukapaka na hii, mgongo wote, mpaka kwenye kona. Simel, wewe ulikuwa unakula au unabatiza?”

Karakana ikalipuka. Lakini mzee Wilibrodi hakucheka. Kwa mtu wa Mbulumbulu mafuta ni mafuta tu. “Fundi mchafu nitamkaripia,” akasema. “Hilo halinionyeshi kwamba sumaku ingeshika.”

Nasieku alilijua jambo moja la kumaliza ubishi, na hakulipenda. Alichukua sumaku mpya kutoka kwenye sanduku la akiba, safi, kavu, bado ina rangi ya majivu. Akaiweka kwenye kiganja, akanyoosha mkono kwa Simel mbele ya watu wote.

“Shika.”

“Weka hapo mezani, dada.”

“Meza ina kazi nyingine. Shika.”

“Mikono yangu michafu.”

“Hii haichafuki. Shika, sayansi tu.”

Mkono wa Simel ulipanda mpaka usawa wa mshipi wake, ukasimama hapo. Vidole vilifunguka, vikafunga. Madereva wawili Wamaasai waliokuwa mbele ghafla wakapata hamu kubwa ya kukagua matairi. Nasieku aliuacha mkono wake hewani, na kila alivyozidi kuuacha ndivyo karakana nzima ilivyozidi kuuona: mkono wa mhandisi, na kijana mwenye stashahada mbili anayeutazama kama shimo la choo.

“Mbona hachukui?” mzee Wilibrodi akauliza. “Ina umeme?”

“Ina ukoo, mzee,” Nasieku akasema.

Akamweleza, kwa kifupi, kwa sauti ileile aliyomwelezea naitrojeni. Simel alikuwa anatazama viatu vyake, na ni viatu vizuri, vya kuagiza.

“Mimi mwenyewe siamini,” akasema hatimaye. “Kabisa, mzee, siamini. Ila mama alinipa kichupa, akasema, mwanangu, huwezi kujua. Nikaona, kupaka kuna hasara gani?”

“Hasara ni gari langu kuvutwa kama ndama aliyekufa!” mzee Wilibrodi akapaza sauti. “Na zile za kuagiza, za Uchina, ulizipaka?”

“Hapana, mzee.”

“Kwa nini?”

“Za Uchina…” Simel alitafuta neno, akalikosa, akasema ukweli. “Za Uchina hazina ukoo.”

“Waliozitengeneza ni wahunzi watupu, mjinga wewe! Ulidhani nani anafua chuma kule, wapishi?”

Ilionekana wazi kwamba wazo hilo halijawahi kumpitia Simel. Miaka yote ya kushika mota mikono mitupu ilimpita machoni, na alijifuta viganja kwenye suruali, taratibu, akidhani hakuna anayemwona.

Nasieku alirudisha sumaku kwenye sanduku. Alikuwa ameshinda, na ushahidi uliompa ushindi ni mtu kukataa kumgusa hadharani. Alijaribu kulicheka na hilo. Kicheko kilichelewa kidogo kuja, lakini kilikuja.

“Gari linarudi kreta,” mzee Wilibrodi akasema, sauti imeshuka. “Naagiza fundi Arusha. Huyu aende kwao akapake mbuzi.”

“Usimfukuze,” Nasieku akasema. “Mikono yake ni mizuri ikiwa mikavu. Hakuna mwingine hapa anayeweza kuzipanga bila rota kuyumba.”

“Basi abandike mikono mitupu!” Bernadina akasema, na madereva wakaitikia kwa vigelegele. “Tena hapahapa, moja moja, wewe unampa mkononi na sisi tunahesabu!”

Lo, jinsi alivyolitaka hilo! Alilitaka kuliko chakula. Aliziona zote zinapita kutoka kiganja chake kwenda kiganja cha mtoto wa Mepukori, mchana kweupe, watu wanashangilia. Baba yake angeuza nyundo kuliona.

Lakini mkono mtupu unatoka jasho. Jasho lina mafuta yake, na gundi haiulizi mafuta ya mtu yametoka ukoo gani, inabanduka tu. Alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza chuoni. Akalaani elimu yake kimoyomoyo.

“Anawe kwa spiriti mpaka kwenye viwiko,” akasema. “Halafu avae glovu.”

Simel alishusha pumzi iliyosikika mpaka barabara ya lami. “Glovu ni poa, dada. Glovu ni sayansi.”

Hicho ndicho kilichomuudhi Nasieku kuliko yote. Utaalamu wake yeye na ujinga wa Simel vilikuwa vimekutana kwenye jozi moja ya glovu za hospitali, na kila upande uliona umeshinda. Bernadina alitema mate chini kwa niaba ya wote.

Nasieku alisimama begani kwa Simel kazi yote. Alimpanguzisha kila sumaku, akaipanguza tena mwenyewe. Simel alipojikuna pua alimrudisha kwenye spiriti. Alipojikuna tena alimrudisha tena, na safari hiyo alifanya hivyo kwa starehe.

*

Maharage yalifungwa mikanda upya, yakashuka kreta kwa mara ya pili, bahati ambayo wenyeji wengi wa Karatu hawajaipata. Bernadina hakuyatania, na Simel alikaa tena kando ya Nasieku, simu mkononi. Aliliingiza gari kwenye barabara ya Lerai.

Kona ile ilipita. Mahali mota ilipopiga kelele palipita pia, na mzee Wilibrodi alipageukia nyuma kama mtu anayeaga kaburi. Mshale wa joto ulikuwa umepanda. Ulifika pale sumaku za kuagiza hulegea, ukapita, ukaendelea. Nasieku alikuwa ameshika ukingo wa kiti mpaka vidole vikafa ganzi. Aliwaza vile viumbe vidogo vya naitrojeni, kila kimoja kwenye mwanya wake, kimebanwa na moto pande zote, na akajikuta anavisihi kwa Kimaa vitulie, vitulie, hakuna anayevifukuza. Mbele yao gari la dizeli lilikuwa linanguruma na kufuka moshi. Bernadina akalipigia honi, moja tu, ya upole, akalipita.

“Mwendo haujashuka,” akasema, kama anayesema kumenyesha. “Mlima umeisha.”

Walisimama ukingoni juu, mahali wageni husimama kupiga picha. Mzee Wilibrodi alishuka, akainama akaweka kiganja karibu na mota, akakiondoa haraka kwa moto wake. Alizunguka gari lote akitafuta cha kulaumu.

“Tanuru linabaki,” akasema mwishowe. “Na usidhani nitalisema mara mbili. Gari la pili linakuja kwako Jumatatu, la tatu likifuata. Hilo ghala nalo kalizibe paa, aibu kwangu wageni wakilikuta hivyo.”

“Asante, mzee.”

“Wale wa sokoni watasema nini sasa?”

“Watasema ndama kafanana na baba.”

Mzee Wilibrodi alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nasieku alikaa kwenye jiwe, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nchini hakuwa na mzaha wowote wa kusema. Alifumba macho tu.

Sauti ya Simel ndiyo iliyomfumbua. Kijana alikuwa ameshajirekodi, ameshajitangaza kwa marafiki zake wote wa Arusha kwamba “sumaku zetu zimetoboa”, na sasa alikuwa amejibanza nyuma ya gari anaongea na mama yake kwenye simu, kwa Kimaa, sauti ya chini, ya mtoto.

“Ndiyo, yeyo, tumefika. Hapana, yeyo, sijagusa… Hapana, siyo zake. Hizi zimetoka Uchina.”

Nasieku alinyanyuka. Alitembea mpaka mbele yake akanyoosha kiganja, na Simel, ambaye macho yalikuwa yamemtoka, akamkabidhi simu bila hata kukumbuka kuogopa.

“Yeyo, habari ya ng'ombe?” Nasieku akasema kwa Kimaa. “Mimi ni Nasieku, binti wa Sakaya. Sumaku ni zangu.”

Kwenye simu ng'ombe mmoja alilia mbali.

“Sakaya yule mfua sime?”

“Huyohuyo.”

“Na gari limefika juu?”

“Limefika, yeyo. Limelipita la dizeli.”

Simel alikuwa amekodoa macho kama anayesubiri hukumu.

“Mwambie huyo mtoto,” mama akasema, “anawe mikono.”

“Ameshanawa, yeyo,” Nasieku akajibu. “Safari hii nilimsimamia mwenyewe.”